Mtoro Hana Matanga

Jumapili ile mlipokuja kwangu Mlabani baada ya misa, mliniamkia vizuri, mkakaa mkekani, mkaweka simu mbili mbele yangu, moja kushoto na moja kulia, kisha yule mwenzenu mrefu akasema, "Bibi, tuambie, vita ilikuwaje?" Nikawapa chai. Mkauliza tena. Nikawaongezea chai. Mliondoka mmeshiba maji na hamna neno hata moja, na nimesikia kwamba njiani mlisema bibi amezeeka, ameanza kusahau. Sijasahau kitu. Swali lenu ndilo bovu, na kwa kuwa nimeona mna nia ya kweli ya kuandika habari za wazee wa bonde hili waliokwenda vitani, nawaandikia haya. Nikisema kwa mdomo mtakuwa mnaangalia kama simu ina chaji.

Nimefanya kazi moja maisha yangu yote, kuandika historia ya jeshi. Niliingia jeshini nikiwa msichana wa kupiga chapa, siku zile za ujamaa ambapo mkubwa na mdogo wote tuliitana ndugu, ingawa ndugu mwenye nyota begani alikula mezani na sisi wengine tulikula tumesimama. Baada ya vita vya Kagera ofisi yetu ikapewa kazi ya kukusanya habari za waliopigana. Ikaonekana kwamba askari wananieleza mimi mambo wasiyowaeleza maofisa, basi nikaondolewa kwenye mashine ya chapa, nikapewa kinasa sauti na mfuko wa betri. Nilistaafu nikiwa sajinitaji, nikarudi nyumbani Ifakara. Nafuga kuku, na watoto wa mtaani wananiita Mama Vita. Siwakatazi.

Sasa somo. Usimwulize mtu vita vilikuwaje, kwa sababu hajui. Aliyekuwa ndani ya vita aliona tope na mgongo wa mwenzake aliyemtangulia, basi. Ukimwuliza vita vilikuwaje atakupa hotuba aliyoisikia redioni. Mwulize kama viatu vilimtosha. Mwulize nani alikuwa anapika, na ugali ulikuwa mbichi au uliungua. Mzee mmoja wa Michenga alinikalia kimya asubuhi nzima, mpaka nilipomwuliza kama huko Kagera walipata wali. Akacheka kwa dharau. "Wali? Mtoto wa Kilombero nimelishwa ndizi mpaka nikasahau jina la mama yangu." Kuanzia hapo hakunyamaza tena, na kabla sijaondoka alikuwa amenichorea kwa fimbo, uwanjani pake, njia nzima waliyopita.

Na msijivalie tu. Safari yangu ya kwanza ya kazi hapa bondeni nilikwenda Idete na gwanda kamili, buti zinang'aa, kofia imekaa upande. Nilijiona. Nilipofika, vijana wote walikuwa wametokomea kwenye majaruba ya mpunga, maana miaka ile gwanda likija kijijini limekuja kuhamisha watu, au kudai kodi, au kuchukua vijana. Nilimkuta bibi kizee mmoja kipofu na mbuzi wake. Bibi akanipapasa buti akasema, "Mwanangu, ukitaka watu, vaa kama mtu." Safari ya pili nilikwenda na kitenge, na kwa kazi za vijijini sikuvaa kingine tena.

Hicho kinasa sauti nacho kilikuwa na mambo yake. Betri zilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo tulizianika juani zipate nguvu kidogo za kumalizia sentensi ya mtu. Kaseti ikijaa tulisikiliza, tukaandika kwa mkono, tukaifuta, tukarekodi mwingine juu yake. Ndiyo maana nilijifunza kusikiliza kwa masikio yangu na si ya mashine. Ninyi simu zenu zinameza maneno ya siku nzima bila kuchoka, nami nawaona mnaacha kumsikiliza mzee kwa sababu mnajua simu inamsikiliza. Lakini simu haioni mzee alipogeuza uso.

Aliyenifundisha kazi ni Kapteni Sadiki, mtu wa pwani, mtulivu, mpenda kahawa, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya jeshi. Alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Nikimletea habari kwamba adui alikimbia, ananiuliza, "Nani alimwona akikimbia?" Nikisema kikosi kizima, anasema, "Kikosi hakina macho. Nipe mtu mmoja, jina lake, na mahali alipokuwa amesimama." Nikimletea watu kadhaa wanaosema maneno yaleyale, anayatupa. "Hawa wamekutana kilabuni. Watu walioona kitu kimoja lazima wagombane kidogo." Alinirudisha vijijini kwa mambo ambayo kwangu yalikuwa yamekwisha, nami nilinung'unika njia nzima, kwenda na kurudi. Leo ndiye ninayemshukuru kuliko wote.

Ikitoka kwa Kapteni, kazi ilipita kwa kamisaa. Ninyi hamkumjua kamisaa. Jeshi siku zile lilikuwa na Chama ndani yake, na kulikuwa na ofisa wa siasa wa kuhakikisha tunafikiri sawasawa. Wa kwetu alikuwa mpole, msomaji, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nikiandika kwamba askari fulani aliogopa, anakata kwa kalamu nyekundu.

"Ndugu Sajini, mama yake akisoma atajisikiaje?"

"Ndugu Kamisaa, mama yake anajua mwanawe anaogopa giza tangu utoto."

"Taifa halijui. Liache lisijue."

Kuna wakati nilitumwa kukusanya habari za Majimaji hapa hapa bondeni, na ofisi ilitaka kila kijiji kiwe kimepambana. Nikampata mzee aliyesema babu yake hakupambana na mtu, alijificha kwenye mafunjo na mtumbwi wake mpaka mambo yakatulia. "Na ndiyo maana nipo hapa unanihoji," akaniambia. Kamisaa akakata na hilo. Nilimchukia siku hiyo, ila hoja alikuwa nayo. Nchi ilikuwa imetoka vitani, maduka matupu, watu wanapanga foleni ya sabuni, naye alitaka wapate kitu cha kujivunia. Tatizo ni kwamba kalamu yake ilipomaliza kazi, katika karatasi zetu walibaki watu wa aina mbili tu, shujaa na mtoro. Mtu wa katikati hakuwa na mahali pa kukaa. Hapo ndipo inapoanzia habari ya Otmari wa Idete, ambayo ndiyo hasa nataka muijue.

Otmari alikuwa kijana wa Kindamba, mvuvi mtoto wa mvuvi. Alikwenda vitani na wenzake. Wenzake wakarudi, yeye ikaja taarifa kwamba ametoroka jeshini mbele ya adui. Katibu wa Chama akaisoma mkutanoni, na baba yake Otmari alikuwa amekaa mstari wa mbele kwa sababu alidhani mwanawe anakwenda kusifiwa. Baba huyo hakuonekana tena kilabuni mpaka alipofariki. Mama yake, Bibi Skolastika, akabaki na jambo asiloweza kulishika kokote. Mtoro hana matanga. Haliliwi, kwa sababu hajafa. Hasubiriwi, kwa sababu amekimbia. Kila nilipopita Idete kwa shughuli zangu aliniuliza lile lile, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza bei ya mchele: "Mwanangu, wewe wa jeshini, niambie. Kama amekufa, nilie. Kama amekimbia, mbona haji kunisalimia?"

Nilipokuwa kazini niliomba habari za Otmari ziulizwe upya. Kamisaa akalikata ombi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Ndugu Sajini," akasema, "hatuna historia ya watoro." Nikaomba tena kwa waliomfuata, nikaambiwa vita vimekwisha zamani, kuna mambo ya maendeleo. Nikastaafu na swali la Bibi Skolastika likiwa bado masikioni.

Miaka michache iliyopita serikali ya kijiji cha Idete ikaamua kujenga nguzo ya saruji mbele ya ofisi, iandikwe majina ya watu wa kijiji waliofia vitani. Nikaitwa kuhakiki majina. Bibi Skolastika akaja kwenye kikao kwa fimbo yake, akakaa chini, akasikiliza yote. Yalipokwisha akasema, "Wa kwangu hamkumtaja."

Mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye adabu, akamjibu, "Bibi, tusamehe. Karatasi za jeshi zinasema vingine. Ukituletea mtu aliyeona, tutamwandika."

Bibi akanigeukia mimi. Nikasimama mbele ya kikao nikasema huyo mtu nitamtafuta, na sitaki nguzo ifungwe kabla sijarudi.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Mapunda. Alikuwa Mngoni wa Songea, aliyelala handaki moja na Otmari, na baada ya jeshi alioa Mpogoro akahamia Mahenge, ng'ambo ya mto wetu. Nilimwendea. Alinipokea vizuri mno. Alinieleza chakula, viatu, nyimbo, daraja lililovunjwa, kila kitu. Nikitaja Otmari, anainuka kwenda kuangalia mbuzi. Nikarudi mwezi uliofuata, ikawa mbuzi. Nikarudi tena, mke wake akanisaidia kumbembeleza, ikawa mbuzi. Mara ya mwisho nilikwenda bandani nikawafunga wale mbuzi mwenyewe, nikarudi nikakaa.

"Sajini," akasema, "lile jambo niliamriwa nisilitamke. Na hata nisingeamriwa, nisingeweza."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikajua jambo lipo, na nikajua mdomo hautalitoa, hata nikikaa pale mpaka mbuzi wazae.

Nilipokuwa narudi, tunavuka mto, nikakumbuka kitu ambacho hakimo katika mafunzo yote niliyopewa na ofisi. Sisi watu wa bonde na Wangoni ni watani, na sababu mnaijua. Babu zao walikuja na mikuki, babu zetu wakakimbilia mafunjoni na mitumbwi, ugomvi ukaisha, yakabaki matusi yasiyouma. Lichukueni hili kama chombo cha kazi: mkikuta makabila mawili yanataniana sana, chimbeni, chini kuna vita. Lakini utani si maneno tu, una wajibu wake. Mtani wako akifiwa, unakwenda. Unapasua kuni, unachota maji, unawachekesha wafiwa wasivunjike, na zaidi ya yote unamwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokohoa, alivyokula. Mtani anayeitwa msibani akakataa, hata ukoo wake mwenyewe unamwonea haya. Mzee Mapunda aliweza kunikwepa mimi na maswali yangu. Msiba asingeweza kuukwepa.

Ila msiba haukuwepo. Nikaenda kwa Bibi Skolastika nikamwambia, "Mama, tuweke matanga ya Otmari." Wazee wa ukoo wakaja juu. Longini, mdogo wake Otmari, ambaye sasa naye ni babu wa watu, alisema kumlilia mtu ambaye huenda yu hai ni uchuro, ni kumwitia kifo. "Na akitokea hapo mlangoni, tutamwambia nini?" Bibi aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Kama yu hai, na ameweza kukaa miaka yote hii bila kunisalimia, basi yule niliyemzaa mimi amekufa. Pasueni kuni."

Katekista akakubali kuongoza sala. Ujumbe ukapelekwa Mahenge, si kwa simu bali kwa mtu, kama ipasavyo: mtani wako amefiwa, njoo.

Alikuja. Jua lilikuwa limeshapanda aliposhuka kwenye bodaboda, koti la zamani, fimbo mkononi, uso ameukaza. Uwani palijaa. Wanawake walikuwa jikoni, wanaume kwenye mabenchi, na katikati umetandikwa mkeka, juu yake umewekwa mgono wa zamani wa Otmari, ule mtego wa samaki aliousuka mwenyewe kabla ya kwenda jeshini, kwa kuwa mwili haukuwepo. Mzee Mapunda akautazama mgono, akavuta pumzi, na utani ukampanda.

"Wala kambale," akasema kwa sauti ya kikosi, "mmenitoa Mahenge kuja kwenye matanga ya samaki? Samaki haliliwi. Samaki anakaangwa."

"Karibu, mla panya," mama mmoja akamjibu kutoka jikoni. "Tumekubakizia mkia."

Watu wakaangua kicheko, na nikamwona Longini, aliyepinga jambo lote, anafuta machozi ya kucheka.

Mapunda akaanza. Akatembea mwendo wa Otmari, vidole vya miguu vimetanuka, magoti yanapanda juu kama mtu anayekanyaga tope hata penye ukavu. Wazee wakapiga makofi, "Ndiye, ndiye huyo." Akaonyesha Otmari alivyochukia buti, anazifunga kamba na kuzivaa shingoni mpaka mkubwa atokee. Akaonyesha alivyomnusa samaki wa kopo, akamwuliza mpishi huyu marehemu alifariki lini na mbona hamjazika. Bibi Skolastika alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyosha, anatazama bila kupepesa. Alikuwa anamwona mwanawe anatembea. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nikaiweka chini.

Kisha Mapunda akanyamaza. Akakaa kwenye gogo, akavua viatu, akavipanga sambamba. Akavua koti, akalikunja. Akavua shati, akalikunja nalo, mikono kwa ndani, kola juu, akaliweka juu ya koti, taratibu kabisa. Vijana walikuwa bado wanacheka, wanadhani mzee anakwenda kubaki uchi. Akachukua fimbo yake, akailaza juu ya zile nguo, imekingama. Akasimama na suruali yake na kifua chake chembamba, akaanza kusukuma maji kwa mikono.

Wavuvi ndio walionyamaza kwanza. Mnajua wenyewe, ninyi mliokulia mtoni. Mtu wa huku akiingia majini huvua nguo, huzikunja, huweka panga lake juu kwa kulikingamisha, ili mpita njia ajue mwenyewe yumo mtoni na asiziguse. Bibi Skolastika akauliza, wala si kwa sauti kubwa, "Hiyo fimbo ni nini?"

"Ni bunduki, mama."

"Aliiweka hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Bibi akawageukia wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. "Mtu anayekimbia hakunji nguo," akasema. "Huyu alikuwa anarudi."

Hapo ndipo mdomo wa Mapunda ulipofunguka. Alizungumza amesimama, shati lake likiwa bado pale chini.

"Nilivuka mimi kwanza, mama. Kulikuwa na kisiwa kidogo, kina migomba. Asubuhi maji yalikuwa ya magotini, nikaenda kukata mkungu, maana njaa ilikuwa imetuzidi. Mvua ikanyesha huko juu, mto ukajaa, mimi Mngoni nimebaki katikati nimeukumbatia mgomba. Otmari akanicheka wee, halafu akavua nguo, akaja. Akakata migomba akaifunga pamoja, akanipandisha juu yake na mkungu wangu, maana nilikataa kuuacha, akaanza kusukuma kutoka nyuma. Njia nzima ananitukana. Ananiambia babu zenu walifika kwenye maji wakageuza, leo wewe unavushwa bure."

Akaitazama ile fimbo juu ya nguo.

"Karibu na ukingo nikaona hasukumi. Nageuka, hayupo. Sasa huyu mtu alikuwa na mchezo wake wa kuzama na kuibukia mbali kunitisha. Alinifanyia siku zote. Nikajua ananitania. Nikacheka, mama. Nikamtukana. Nilikaa pale juu ya migomba namtukana na kucheka, nangoja aibuke. Sijui kama ni mkondo, sijui kama ni mamba. Ninachojua nilikuwa nacheka."

Alikwenda kuripoti. Mkubwa wake akamwambia hawezi kuandika kwamba askari amekufa kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Bunduki ipo, gwanda lipo, mtu hayupo. Kwa macho ya mtu asiyetoka kwenye mito, huyo ameuvua uaskari akaenda zake. Ikaandikwa hivyo, na Mapunda akaamriwa asilitamke tena. Lakini si amri iliyomfunga mdomo miaka yote hiyo. Wakubwa waliotoa amri walishakufa, naye alijua. Kilichomfunga ni kile kicheko.

Bibi Skolastika akamwita kwa mkono. Akaenda, akapiga magoti mbele yake. Desturi inamruhusu mfiwa kumtoza mtani aliyevuka mpaka, na watu wote pale uwani walikuwa wanangoja kusikia ni kuku, ni mbuzi, au ni nini.

"Ulimtukana mwanangu anakufa," Bibi akasema. "Utalipa."

"Nitalipa, mama. Sema."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Mapunda akainamisha kichwa.

"Hukumaliza," Bibi akasema. "Maliza sasa, nisikie."

Mapunda alibaki amepiga magoti. Longini alitaka kumwinua, Bibi akamzuia kwa fimbo. Kisha yule mzee akaugeukia mgono pale mkekani, akasema kwa sauti inayokatikakatika, "Toka majini, mla kambale we. Toka, nimeshakuona. Unadhani nitakulilia? Toka tukale ndizi." Akaugusa mgono. "Toka, Otmari."

Hapo Bibi Skolastika akafungua mdomo. Sauti iliyotoka sijawahi kuiandika na sitajaribu. Wanawake wa jikoni wakaipokea, uwani pote pakalia, Longini akalia, mwenyekiti wa kijiji akalia amesimama, nami, sajinitaji mstaafu, nikalia mpaka kitenge kikalowa. Nimeandika habari za vita maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo nilielewa vizuri nilikuwa naandika nini.

Jina la Otmari limo kwenye nguzo ya Idete. Mwenyekiti hakungoja karatasi yoyote, kesho yake alimwita fundi. Jeshini bado anasomeka mtoro. Nimeandika, nikajibiwa kwamba anatakiwa shahidi. Nimepeleka maelezo ya Mapunda, nikajibiwa kwamba wakati ule hakusema hivyo. Nitaandika tena, na nikichoka kuandika nitakwenda mwenyewe, nikae kwenye benchi lao mpaka wanizoee. Ninyi nawataka mwende kwingine. Bonde hili lina akina Otmari wengi, na wanaowajua wanapungua kila masika. Hamtawapata kwa kuweka simu mezani. Nendeni kwenye misiba, mchote maji, mpasue kuni, mkae mpaka watani waanze.

Wiki iliyopita nilikwenda Idete kumwambia Bibi Skolastika kwamba nimejibiwa vibaya kwa mara nyingine. Alikuwa barazani anapepeta mchele. Siku hizi haoni vizuri, lakini pumba zinajua pa kwenda. Nilimweleza yote, barua kwa barua, kwa hasira, nikamwambia sitaacha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Hao wa ofisini ni wako, mwanangu, wakimbize," akasema. "Mimi nimeshalia."